Muundo wa Mradi Huamuliwa na Nini? Uchambuzi Kutoka Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kabla kampuni haijanunua mfuko wa kwanza wa saruji wala kukodi kijiko cha kuchimbia, kuna swali ambalo ni lazima lijibiwe: katika mradi huu nani ataamua nini, na nani atawajibika kwa nani? Jibu la swali hilo ndilo muundo wa mradi. Wengi huuona kama kazi ya makaratasi, mchoro wa visanduku na mistari unaoambatanishwa kwenye andiko ili mfadhili aridhike. Hilo ni kosa kubwa. Gharama yake huonekana baadaye huko saiti, mitambo inapolala na mafundi wanapokaa kivulini wakingoja saini ya mtu aliye mbali.

Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, pamoja na wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kulichambua swali hili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, eneo hili limepata mgodi wa makaa ya mawe wa ubia, barabara za lami zilizojengwa kwa fedha za wafadhili tofauti, meli mpya ziwani, ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay, njia kubwa ya umeme iliyofika Songea, mradi wa chuo kikuu milimani Umatengo, na madarasa na zahanati zisizohesabika. Milima ni ile ile na mvua ni ile ile, lakini kila mradi ulipangwa kwa namna yake. Tukiilinganisha, tunaona ni mambo gani huusukuma muundo uwe hivi na si vile.

Msimamo wa makala haya ni kwamba mambo hayo ni mengi, ila mawili huyashinda mengine kwa nguvu: chanzo cha fedha, na umbali kati ya anayeamua na anayefanya kazi. Lipo la tatu ambalo lingestahili kutangulia yote lakini husahaulika: nani atabaki na kile kilichojengwa.

Miundo mitatu ya kuchagua

Kampuni ina njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuuweka mradi ndani ya idara zilizopo: wahandisi wanabaki idara ya ufundi, wahasibu idara ya fedha, na mradi unapita kutoka meza moja hadi nyingine. Njia hii ni nafuu na hulinda utaalamu, lakini mradi unakuwa mtoto wa watu wengi asiye na mzazi mmoja. Ya pili ni kuunda timu huru yenye meneja wake, bajeti yake, manunuzi yake na watu wake, pengine hata kampuni mpya kabisa. Timu kama hiyo huamua haraka, lakini ni ghali, na kazi ikiisha watu wake hutawanyika na ujuzi wao. Ya tatu ni mseto, ambao wataalamu wa uongozi huuita matriki: mhandisi yule yule anamtii meneja wa mradi kwa kazi za kila siku na mkuu wa idara yake kwa mambo ya taaluma na ajira.

Mseto huo unapendwa sana vitabuni, na kweli una faida pale kampuni yenye wataalamu wachache inapoendesha miradi mingi kwa pamoja. Ila una mabosi wawili, na wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Usipoandikwa waziwazi ni nani mwenye neno la mwisho kwenye fedha, kwenye ubora na kwenye likizo ya mfanyakazi, migogoro haiepukiki.

Wanazuoni wameliangalia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1961 Tom Burns na G. M. Stalker, waliochunguza viwanda vya elektroniki nchini Uingereza, walionyesha kuwa kampuni zenye ngazi nyingi na kanuni ngumu hufanya vizuri mazingira yakiwa tulivu, na hukwama mazingira yakibadilika upesi. Mwaka mmoja baadaye Alfred Chandler wa Marekani alitoa hoja kwamba muundo wa kampuni hufuata mkakati wake. Hoja hizo zina uzito hadi leo. Ila ukizipeleka Ruvuma unakuta mkakati wenyewe mara nyingi umeandikwa na mwenye fedha.

Fedha na mwenye mali

Tuchukue barabara. Kipande cha lami kutoka Peramiho hadi Mbinga, kilomita zipatazo 78, kilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Mkataba huo wa dola milioni 698 ulitiwa saini Februari 2008 na marais George W. Bush na Jakaya Kikwete, na ulikuwa na ukomo wa miaka mitano usiosogezwa. Kwa ukomo wa namna hiyo, kuzipitisha fedha katika taratibu za kawaida za wizara kungekuwa kucheza na muda. Kwa hiyo Tanzania iliunda chombo maalumu, MCA-T, chenye menejimenti yake na utaratibu wake wa manunuzi. Mkataba ulipofikia mwisho Septemba 2013, kazi ya chombo hicho nayo ilifikia ukingoni.

Kutoka Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, mambo yalikuwa mengine. Fedha zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na serikali, na wakala wa barabara, TANROADS, ukabaki kuwa mwajiri kwa utaratibu wake wa siku zote: makao makuu, ofisi ya mkoa, mhandisi mshauri na mkandarasi. Hapakuwa na haja ya chombo kipya, kwa sababu mkopo wa benki hulipwa kwa miaka mingi na benki hutaka taasisi itakayokuwepo wakati huo wote.

Barabara mbili katika mkoa mmoja, zinazoungana katika mji mmoja, zilipata miundo miwili. Kilichozitofautisha zaidi ni masharti ya fedha, wala si udongo au mteremko.

Kwa kampuni binafsi kanuni ni hiyo hiyo. Makaa ya mawe ya Ngaka, katika kijiji cha Ntunduwaro kata ya Ruanda, hayakuchimbwa na idara ya shirika fulani. Mwaka 2008 iliundwa kampuni ya TANCOAL Energy, ambamo upande wa Intra Energy ya Australia ulikuwa na asilimia 70 na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, asilimia 30. Kampuni ya ubia ya namna hii hutenga hatari. Mgodi ukishindwa, hasara inabaki ndani yake na haiwabebi wenye hisa pamoja na mali zao nyingine. Ila huzaa swali gumu la usimamizi, kwa sababu mwenye hisa chache hutegemea bodi na hesabu anazoletewa, huku maamuzi ya kila siku yako mikononi mwa mwenye hisa nyingi. Anayeingia ubia bila kuandika mapema haki zake za kukagua vitabu, kuteua maofisa na kupata gawio, amejifunga mwenyewe.

Ugumu wa kazi

NDC ilikuwa na ubia mwingine kaskazini mwa hapo, wilayani Ludewa. Mwaka 2011 iliingia mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kuendeleza makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, NDC ikiwa na asilimia 20 na Wachina asilimia 80. Mpango ulikuwa wa takriban dola bilioni 3, ukijumuisha mgodi wa makaa, kituo cha umeme cha megawati 600, mgodi wa chuma na kiwanda cha kuyeyusha chuma hicho, vyote vikitegemeana. Mwaka huo huo Ngaka ilianza kuchimba. Zaidi ya miaka kumi baadaye chuma cha Liganga kilikuwa bado ardhini.

Zipo sababu nyingi, zikiwemo mivutano juu ya vivutio vya uwekezaji. Lakini kwa upande wa muundo, somo liko wazi. Makaa ya Ngaka yako karibu na uso wa ardhi. Unaondoa udongo, unachimba, unapakia kwenye lori, unauza. Kazi inaweza kuanza kwa udogo na kukua hatua kwa hatua, na timu ndogo inaitosha. Liganga ilihitaji umeme uwepo ili kiwanda kifanye kazi, kiwanda kiwepo ili madini yawe na mnunuzi, na makaa yawepo ili umeme upatikane. Mradi ambao kila kiungo kinakingoja kingine unahitaji mratibu mwenye mamlaka juu ya viungo vyote, na mkataba unaosema kila kiungo kikichelewa nani anabeba hasara. Kadiri sehemu zinavyotegemeana, ndivyo nguvu ya kuratibu inavyopaswa kuwa kubwa.

Soko nalo hubadilisha kazi. Agosti 2016 serikali ilipiga marufuku kuingiza makaa ya mawe kutoka nje, na viwanda vya saruji vikageukia Ngaka, hata kile cha Dangote kilichoko Mtwara, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la nishati duniani, makaa ya Ruvuma yalipakiwa kwa wingi melini bandarini Mtwara kwenda nje ya nchi. Mgodi uliopangwa kuhudumia wateja wachache ukajikuta katikati ya foleni za malori, mizani, vibali na ratiba za meli. Kampuni yenye kitengo dhaifu cha usafirishaji haiwezi kuhimili mabadiliko kama hayo hata kama wachimbaji wake ni hodari. Mahali penye soko linaloyumba, muundo unapaswa kumruhusu meneja aongeze au apunguze watu na wakandarasi bila kungoja kikao cha bodi.

Umbali, mvua na ziwa

Sasa tuje kwenye jambo ambalo michoro mingi ya ofisini hailionyeshi. Mbinga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na kampuni nyingi kubwa zina makao yao huko. Chukulia kijiko kimepasuka bomba la haidroliki asubuhi. Kipuri kinapatikana Songea, umbali wa saa chache tu. Lakini mkuu wa saiti haruhusiwi kununua kitu kinachozidi kiasi kidogo mno. Anaandika maombi, yanakwenda kwa meneja wa mradi, kisha idara ya manunuzi inayodai nukuu tatu za bei, kisha mhasibu, kisha mkurugenzi ambaye siku hiyo yuko safarini. Kijiko kinalala siku nne. Malori yanayokitegemea yanalala nayo, madereva wanalipwa, na mtambo wa kukodi unahesabiwa kila siku. Kipuri cha bei ya kawaida kimekula fedha nyingi kuliko thamani yake mara kadhaa, bila mtu yeyote kuiba hata senti.

Ndiyo maana umbali ni sababu kubwa ya muundo. Kadiri saiti inavyokuwa mbali, ndivyo mkuu wake anavyopaswa kuwa na mamlaka makubwa zaidi ya fedha, manunuzi na ajira za muda, yakiambatana na ukaguzi wa mara kwa mara. Kampuni nyingi hufanya kinyume: saiti ikiwa mbali zinaiogopa, na zikiiogopa zinaifunga mikono.

Hali ya hewa huongeza uzito wa hoja hii. Milima ya Umatengo hupata mvua nyingi kati ya Novemba na Aprili, na kazi za udongo hupungua au husimama. Msimu wa kiangazi ndio ule ule wa kuvuna kahawa, wakati vibarua wengi wako mashambani mwao. Meneja aliye saiti anajua kwamba wiki mbili za Agosti haziwezi kufidiwa Januari. Anayeongoza kwa simu kutoka mbali huona wiki ni wiki tu.

Ziwa lina sharti lake. Ziwa Nyasa halina njia ya maji ya kupitisha meli kutoka baharini, kwa hiyo meli haiwezi kununuliwa nje na kusafirishwa ikiwa nzima. Mamlaka ya Bandari ilipotaka meli mpya, kampuni ya Songoro Marine yenye makao yake Mwanza ililazimika kufanya kazi Itungi, Kyela. Hapo zilitoka meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, na baadaye MV Mbeya II ya abiria 200 na mizigo tani 200, iliyozinduliwa Januari 2021. Mkandarasi hakuweza kutuma timu ya kufunga vifaa na kurudi. Alilazimika kuhamishia kwenye ufuko ule karakana na mafundi wa kudumu kwa muda wote wa kazi. Jiografia ndiyo iliyomchagulia muundo.

Sheria na watu

Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliweka hisa za serikali zisizopungua asilimia 16 katika leseni za uchimbaji wa kati na mkubwa, na yakaitaka kampuni kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Masharti hayo yanaingia moja kwa moja kwenye muundo. Kampuni ya mgodi inahitaji mtu mwenye cheo na mamlaka ya kuzungumza na halmashauri, kijiji na wizara. Ukimweka ofisa mahusiano kijana asiye na kauli, wananchi watampita na kwenda kwa mkuu wa wilaya, na mgogoro mdogo wa vumbi barabarani utageuka kesi ya mkoa.

Upatikanaji wa wataalamu nao huamua. Serikali ilipojenga Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, mwenye mradi alikuwa shirika la umeme, TANESCO, lakini usimamizi wa kihandisi ulipewa kitengo cha ushauri cha TANROADS. Watu wa barabara walisimamia bwawa kwa sababu ndiko kulikokuwa na kundi la wasimamizi wa miradi lililokwisha kujengwa. Kampuni yenye wahandisi wachache haina budi kuwazungusha kati ya miradi, na hapo mseto hauepukiki.

Nani atabaki

Limebaki lile linalosahaulika. Kati ya 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, kiliendesha mradi wa maendeleo vijijini katika Umatengo, nchi ya kilimo cha mashimo kiitwacho ngoro. Katika kijiji cha Kindimba kilijengwa kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji. Watafiti hawakuanza na kamati ya mtindo wa ofisini. Waliutazama utaratibu wa zamani wa Wamatengo uitwao sengu, ambamo watu wa ukoo na majirani walikutana chini ya mzee, wakala pamoja, wakazungumza na kuamua mambo yao. Kamati iliyosimamia kinu ikaitwa Kamati ya Sengu, na shughuli nyingine za vikundi zikapata pa kuegemea. Muundo wa mradi ulikuwa umeshaota mizizi kijijini kabla wageni hawajafunga mizigo.

Masista Wabenediktini wa Chipole, upande wa Songea, walifikia lengo hilo hilo kwa njia nyingine. Kituo chao cha umeme wa maji cha Tulila kwenye Mto Ruvuma, cha megawati 5, kilianza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme. Wataalamu wa ufundi walitoka mbali, lakini mwenye mradi alikuwa mwendeshaji wa baadaye tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na siku ya kukabidhi funguo kwa mgeni.

Mfumo wa fosi akaunti unaotumika kujenga madarasa na zahanati una hekima hiyo kwa kiasi. Fedha huingia kwenye akaunti ya shule au kituo. Kamati ya manunuzi inatafuta bei, kamati ya mapokezi inahesabu mifuko ya saruji na nondo zinaposhushwa, kamati ya ujenzi inawasimamia mafundi, na mhandisi wa halmashauri anakagua. Kwa jengo dogo ni muundo mzuri: macho ni mengi, na wenye macho ni wale ambao watoto wao watasoma humo. Udhaifu wake huanza kazi inapokuwa kubwa, mhandisi mmoja anapogawanywa kati ya majengo mengi, na mwalimu mkuu anapogeuzwa mhasibu, bwana stoo na msimamizi kwa wakati mmoja. Muundo uliofaa darasa moja haufai ghorofa.

Kupima mizani

Wapo watakaosema kwamba mamlaka mengi saiti ni mlango wa wizi, na kwamba makao makuu huyabana mamlaka hayo kwa sababu yameumia huko nyuma. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ngazi nyingi za saini hazizuii wizi. Mara nyingi huzaa wadai wa asante katika kila ngazi. Kinachozuia wizi ni kikomo kinachojulikana, kumbukumbu zilizo wazi, ukaguzi wa kushtukiza na adhabu inayotekelezwa. Hayo yote yanawezekana bila kukilaza kijiko siku nne.

Wengine watasema kampuni haina hiari, mfadhili ameshaamua. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, masharti ya mfadhili kwa kawaida huhusu taarifa, manunuzi na ukaguzi. Nani awe mkuu wa saiti, awe na kikomo gani cha fedha, na mrithi wa mradi aingie lini, hayo mara nyingi hubaki mikononi mwa kampuni. Tatizo ni kwamba huachwa hadi kazi imeanza.

Miradi mingine inakuja upande huu. Ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay umeshaanza, na reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imekuwa kwenye mipango ya nchi kwa miaka mingi. Kampuni zitakazopata zabuni, kubwa na ndogo, zitachora miundo yake upya. Nazisihi zijibu maswali matatu kwa maandishi kabla ya kusaini: mkuu wa saiti anaweza kuamua nini bila kupiga simu Dar es Salaam? Vitengo viwili vikivutana, neno la mwisho ni la nani? Na siku mkandarasi atakapoondoka, ni nani wa hapa ambaye tayari alikuwa ndani ya muundo na anajua kazi? Halmashauri za Mbinga na Nyasa nazo zina haki ya kuuliza maswali hayo hayo, na zisikubali kupokea mradi ambao swali la tatu halina jina la mtu.